Soila Akaketi Juu ya Mabomba

Mtaani Kwa Mrombo, Arusha, Soila wanamwita Mama Nice. Mafundi wanaojenga kuanzia Njiro mpaka Usa River wanamjua zaidi kwa ubishi. Kazi yake ni kusimamisha majukwaa, yale ambayo fundi wa plasta na fundi rangi husimama juu yake ukuta unapozidi kimo cha mtu. Kwenye nyumba za kawaida anatumia mirunda ya miti, anaikaza kwa kamba na misumari. Kwenye ghorofa anatumia mabomba ya chuma na vibano vyake. Kazi hiyo aliirithi kutoka kwa mumewe, Lerionka, mume akiwa bado hai, na aliirithi kwa hasira.

Walikutana saiti. Soila alikuwa binti aliyeshuka kutoka Olkokola, upande wa magharibi wa Mlima Meru, baada ya kuona afadhali kubeba ndoo za zege mjini kuliko kukaa nyumbani akisubiri kuposwa. Lerionka alikuwa juu ya jukwaa, akaomba apewe kamba. Soila hakumrushia, alipanda nayo. Tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja, wakafunga ndoa kanisani, akazaliwa binti yao Nice, na Soila akajifunza kila fundo ambalo mumewe alijua kulifunga.

Ajali ilitokea barabara ya Moshi, kwenye jengo la maduka, siku ambayo Soila alibaki nyumbani na mtoto mwenye homa. Fundi mkuu alikuwa Nathanaeli, mtu mwenye sauti kubwa na kazi nyingi. Nyaya za umeme zilipita mbele ya jengo, na Lerionka alimwambia kwamba ziko karibu mno. Nathanaeli akamjibu kwamba watu wanajenga chini ya nyaya kila siku na hawafi, anyanyue bomba kazi iende. Lerionka akanyanyua. Bomba refu likisimamishwa halitulii. Hata ukilishika vizuri chini, kichwani linayumba. Lile liliyumba kuelekea barabarani. Waliokuwepo wanaapa kwamba halikugusa waya, lilikaribia tu, na umeme ukaruka wenyewe.

Uliingilia mikononi ukatokea kisiginoni. Lerionka alirushwa akaangukia lundo la mchanga, na mchanga huo ndio uliomponya. Hospitali walimkata vidole vya mkono wa kulia, akabaki na dole gumba na kidole kimoja. Mkono wa kushoto ulipona ukiwa haufungi ngumi.

Kabla hajaruhusiwa kutoka wodini, maneno yalikuwa yameshaenea: Lerionka alikuwa amelewa. Nathanaeli alimwambia hivyo mwenye jengo, akawaambia mafundi, na maneno yakapanda mpaka kwa wazee wa usharika. Lerionka hakuwa mnywaji. Lakini aliposikia, aligeukia ukutani.

"Waache waseme," alimwambia mkewe.

"Mimi siwaachi," Soila akajibu.

Lerionka alirudi nyumbani akawa hatoki. Hakwenda saiti, hakwenda hata kanisani, kwa sababu kila alikopita aliona watu wanatazama mikono yake kisha wanatazama macho yake kama yana wekundu. Ndipo mjomba wake, mzee Lemomo, akaja na ushauri wa ukoo. Soila alimwamkia, akampa kiti na chai.

"Mwanangu," mzee akasema, "rudini nyumbani. Ng'ombe wapo, shamba lipo. Mjini mtakula nini na mtu asiye na mikono?"

"Mikono ipo, mjomba. Hii hapa yangu."

"Mwanamke hapandi juu ya nyumba za watu."

"Basi mimi nitapanda. Nikidondoka, mtakuja kuniokota."

Mzee aliondoka amenuna. Kesho yake Soila alivaa suruali ya kazi ya mumewe, akaikunja miguuni, akachukua mfuko wake wa zana, akaingia mtaani kutafuta kazi. Alichekwa. Kuna saiti alizoambiwa jiko liko nyuma. Kuna fundi aliyemwambia apande tu watu waone kioja, akapanda, na jukwaa alilolifunga siku hiyo likasimama mpaka nyumba ikapigwa rangi. Polepole wakaanza kumwita. Hawakumwita kwa sababu wanampenda. Walimwita kwa sababu majukwaa yake hayachezi.

Jambo moja ndilo lililowaudhi. Akifika mahali, kabla ya kushusha mfuko, Soila anazunguka nyumba yote akitazama juu. Akiona waya unapita karibu, upande huo haugusi mpaka mwenye nyumba akawaite mafundi wa umeme wauzime au wausogeze. Haijalishi kama jukwaa ni la mirunda. Watu humwambia mti haupitishi umeme, naye huwauliza kama wamewahi kuushika mrunda mbichi, au ulionyeshewa usiku kucha, chini ya waya. Ukimwambia waya umevishwa plastiki, anakuambia basi panda wewe.

Hivyo alipopigiwa simu na Nathanaeli mwenyewe, miaka ilikuwa imepita na wote wawili walijua wanaongea na nani.

"Shemeji, nina ghorofa Njiro, nimekwama, fundi wangu wa majukwaa amesafiri. Tuyaache ya zamani."

Soila alikubali. Rafiki yake Agnela, fundi rangi kwenye saiti hiyohiyo, alimuuliza kwa nini anakwenda kumfanyia kazi mtu yule.

"Ninataka aniangalie usoni," Soila akasema.

Nyumba ilikuwa ya mama mmoja aitwaye Catherine, na mafundi walihimizwa kwa sababu sendoff ya binti yake, Princess, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilikuwa inakaribia na wageni wangepokelewa hapo. Soila alizunguka kama kawaida yake. Pande tatu zilikuwa salama. Upande wa mbele, nyaya zilipita juu ya ukuta wa uzio, na baraza ya ghorofani ilikuwa imejengwa ikatokeza kuzifuata. Mtu akisimama pale na bomba mkononi hahitaji kunyoosha mkono sana.

Alisimamisha jukwaa pande tatu, kisha akafunga mfuko wake.

"Mbele je?" Nathanaeli akauliza.

"Mbele sijengi mpaka umeme uzimwe."

"Mama Nice, huo ni waya wa majumbani tu. Hata ndege wanatua."

"Ndege hajashika bomba lililosimama ardhini."

Wafanyakazi wengine wakaacha kazi kusikiliza, na hilo ndilo lililomchoma Nathanaeli. Alipandisha sauti ili wote wasikie. "Wewe fanya kazi. Ya mume wako yalitokana na pombe zake. Wewe hunywi, unaogopa nini?"

Soila alimsogelea mpaka wakawa uso kwa uso.

"Sema tena."

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu ulimwambia wewe. Lerionka alikuambia waya uko karibu, ukamwambia anyanyue. Halafu akiwa kitandani, hawezi hata kushika kijiko, ukamwita mlevi. Nimebeba maneno hayo kila saiti niliyokwenda. Leo nakurudishia."

Nathanaeli aliwageukia vijana wake, akawaamuru wachukue mabomba wasimamishe jukwaa la mbele, na mwanamke huyu aende zake. Mabomba yalikuwa yamelazwa kando ya geti. Soila alikwenda akaketi juu yake, akakunja mikono.

"Mkitaka kuyanyanyua, mtayanyanyua pamoja na mimi."

Kijana mmoja alijaribu kuvuta bomba la pembeni, Soila akaliwekea mguu. Agnela alishuka kutoka kwenye jukwaa la nyuma, rangi ikiwa bado inamchuruzika kiganjani, akaketi karibu naye. Huyo ndiye aliyempigia simu Lerionka, ingawa hakuombwa.

Mama Catherine aliingia na gari lake akakuta wanawake wawili juu ya mabomba na mafundi wamesimama. Hakufurahi hata kidogo.

"Wewe mama, unanifanyia nini? Wageni wanakuja!"

"Pole, dada. Najua una shughuli. Lakini mtu akifia hapa kwenye geti lako, hiyo shughuli utaifanyaje?"

"Unaniombea mabaya nyumbani kwangu?"

"Siombei. Nakataa."

Wakabishana hivyo, huyu akitaja wageni, yule akitaja waya, mpaka bodaboda iliposimama nje. Lerionka akashuka. Kwa mara ya kwanza tangu ajali alikuwa amekuja saiti, amevaa shati safi, mikono haikuwa mfukoni. Aliingia akachechemea mpaka alipo Nathanaeli. Soila hakujua kama atalia au atapiga mtu, maana hakuwa amemwona akiwa hivyo siku nyingi.

"Nathanaeli. Nilikuambia nini siku ile?"

Nathanaeli akavua kofia.

"Nilikuambia waya uko karibu. Ukaniambia nini?"

"Ndugu yangu, mambo yalishapita."

"Kwako yamepita. Waambie hawa vijana. Nilikuwa nimekunywa?"

Nathanaeli alitazama geti, akatazama gari la Mama Catherine. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini kwamba hakumwona na pombe, ila watu walisema. "Watu gani?" Soila akadaka palepale alipoketi. Nathanaeli akavaa kofia yake, akawaita vijana wake waondoke. Baadhi wakamfuata. Wengine wakabaki wamesimama, wakiitazama mikono ya Lerionka, na safari hii Lerionka hakuificha.

Nathanaeli hakuomba msamaha, siku hiyo wala baadaye. Mpaka leo akiulizwa anasema Mama Nice ni mwanamke mkorofi aliyemharibia kazi, na zipo nyumba ambazo Soila hapewi kazi kwa sababu hiyo. Anajua. Anasema nyumba za kujengwa hazijaisha Arusha.

Mama Catherine alikwenda ofisi ya umeme huku akilalamika njia nzima, Soila akiwa kiti cha nyuma. Waliambiwa wasubiri zamu yao. Siku ya sendoff ikafika ukuta wa mbele ukiwa bado na matofali wazi, wakautundikia vitambaa vyeupe na vya zambarau kutoka barazani mpaka chini. Princess akapiga picha hapo. Mama yake alimwambia Soila kwamba aibu ile hataisahau.

"Binti yako amecheza muziki na watu wote wamerudi makwao wazima," Soila akamwambia. Mama Catherine akasonya, lakini kazi hakumnyang'anya.

Mafundi wa umeme walikuja baada ya shughuli, wakazima laini asubuhi. Soila hakuamini kwa kuambiwa. Alimtaka mkubwa wao apime mbele ya macho yake, na aseme wazi kwamba hakuna atakayewasha mpaka jukwaa lote lishushwe. Mtu yule alicheka kidogo, akapima, akasema. Lerionka alikuwa amekuja na mkewe, ingawa hakuwa ameitwa na mtu. Alisema mikono yake haiwezi tena kukaza kibano, lakini macho hayakuungua na sauti ipo, na jukwaa likisimamishwa lazima awepo mtu chini ambaye kazi yake ni kutazama tu.

Soila akapanda. Bomba baada ya bomba likapokewa, likasimamishwa, likakazwa. Mawingu yalikuwa yameuachia Meru kilele tu. Alikuwa ameshafika usawa wa baraza aliposikia mumewe anafoka chini, kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu walipokuwa vijana. Fundi mmoja mgeni alikuwa anaingia getini na ngazi ndefu ya chuma begani, ncha yake ikipepesuka huku na huku.

"We! Laza hiyo ngazi! Ilaze chini!"

"Mzee, si wamezima?"

"Wamezima waya wa hapa! Wa jirani unaoupita nao wamekuzimia? Ilaze, ubebe na mwenzako, mmoja mbele mmoja nyuma!"

Fundi akaanza kubisha. Lerionka akasimama katikati ya geti, akatanua mikono yake yote miwili, na hakupisha.