Waliojibu kwa Simu ya Mama

Mama alizikwa Kabazi nikiwa Nakuru mjini, na waliopanga iwe hivyo ni kaka yangu wa kwanza na dada yangu anayenifuata. Nawataja mapema ili usisome hii yote ukingoja nimlaumu Mungu, au korona, au serikali. Serikali ilinifungia mlango, ni kweli. Lakini serikali haikuwa na simu ya mama.

Nilikuwa nimetoka Uarabuni, kazi za nyumbani. Ndege ilitushusha Nairobi, tukachokorwa pua, na sisi wa upande huu tukapakiwa kwa basi hadi hosteli ya chuo kimoja kando ya Free Area. Karantini. Kila mtu na chumba chake, chakula kinawekwa mlangoni, nesi anapiga hodi halafu anaruka nyuma kama umemtisha. Dirisha langu liliangalia vilima vya upande wa Bahati. Ukivuka vile vilima, ushuke Subukia, umefika kwetu Kabazi. Asubuhi isiyo na ukungu ningekuonyesha kwa kidole.

Mimi shule niliachia darasa la tano. Kuandika kwa simu kunanichosha, na mama hakusoma kabisa, kwa hivyo miaka yote ya ng'ambo tulitumiana sauti. Jirani yetu ndiye alimfundisha kubonyeza na kushikilia. Mama alianza na salamu ndefu, za watu wote wa boma na ng'ombe pia, na kidole kikiteleza kabla hajamaliza, anaanza salamu upya. Mimi nina jina la mamake, kwa hivyo hakuwahi kuniita mwanangu. Aliniita mama. "Mama, umekula? Huko kuna githeri?" Mtu mzima mwenye mvi, bado naulizwa githeri.

Siku niliyofika niliandika kwa grupu ya familia, kwa herufi zangu mbovu, kwamba nimetua, niko karantini Nakuru, nikitoka nakuja moja kwa moja nyumbani. Wachache waliouona ujumbe wakaweka mikono ya kuomba. Kidogo nikaona ujumbe wangu umefutwa. Kaka ndiye msimamizi wa grupu, ndiye aliyeufuta, na ndiye aliyenipigia.

"Hiyo nimeitoa, watu wa kijiji wana woga," akasema. "Na usimpigie mama. Presha imepanda. Akisikia umefungiwa ataanguka. Mtumie sauti tu, polepole. Dada yako ako naye."

"Kwani ni mgonjwa sana?"

"Ni uzee. Wewe tulia."

Nikatulia. Tangu baba afe, neno la kaka ndilo lilikuwa la baba.

Nikatuma sauti. Zikaonyesha tiki za bluu, maana yake zimesikilizwa. Majibu yakaja, lakini ya kuandikwa. "Niko sawa mwanangu. Koo inaniuma siwezi ongea, msichana wa kanisa ananiandikia. Mungu akubariki." Lile neno mwanangu lilinikwama, halafu nikalimeza. Nikajiambia ni huyo msichana, hajui mimi huitwa vipi. Mwenye hamu hahitaji kudanganywa sana.

Chumba cha pili alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Bondeni hapa mjini, Mwislamu, asili yao pwani. Huuza leso na mapazia, naye alikuwa ameenda Dubai kuleta mali. Tulikuwa tunaketi kila mtu kwenye kizingiti chake, barakoa usoni, tukipiga domo.

"Shoga, mamako kajibu?"

"Amejibu. Ameandikiwa."

"Kaandikiwa." Akacheka. "Wangu mie hata umshone mdomo atatuma sauti ya kukoroma. Mwambie wako akohoe basi, umsikie."

Nikarekodi hapo hapo: mama, nitumie hata kikohozi. Tiki zikageuka bluu. Jibu likaja: "Acha utoto mwanangu."

Nilimsomea yule wa Bondeni. Utani ukamwishia, akainuka akarudi chumbani kwake.

Siku zile nilimwambia mama mambo ambayo sijamwambia mtu mwingine. Nilijifunika blanketi, nikaongea lugha ya nyumbani, pole pole. Kwamba kule nilikuwa nalala chumba cha kufulia, kando ya mashine. Kwamba mwenye nyumba alininyoa kwa hasira siku moja, ndiyo maana picha zangu zote nimefunga kitambaa. Nilitaka ajue kabla hajaniona, asishtuke. Sauti zote zilisikilizwa. "Vumilia mwanangu," simu ikajibu.

Sasa, kwetu mtu akifa, ndugu wote hubadilisha picha zao za simu. Wanaweka ya marehemu na mshumaa kando yake. Usipoweka, watu wanauliza kama mlikuwa mmekosana. Kaka alilijua hilo. Alifungua grupu nyingine ya mazishi bila mimi, akawaambia mtu yeyote asiweke picha ya mama mpaka yeye aseme. Wakatii wote. Aliyesahaulika ni binamu yetu wa Mau Narok, mkulima wa viazi. Shambani kwake mtandao ni wa kubahatisha, hayumo kwa grupu yoyote. Yeye aliitwa kwa simu, akaja, akazika, akarudi kwake. Alipopata mtandao akaweka picha, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Nilikuwa nakunywa chai. Nikamwona mama kwenye kile kiduara kando ya jina la binamu, na mshumaa unawaka. Nikapiga.

"Pole sana, dada," akasema. "Lakini tulimsindikiza vizuri jana. Watu wachache tu, si unajua hizi sheria. Ulitufuata kwa video huko Uarabuni?"

"Niko Nakuru."

Nilisikia trakta nyuma yake, ikanguruma mpaka ikapita.

"Sisi tuliambiwa uko Uarabuni," akasema.

Nesi aliponikuta nimeketi sakafuni aliniuliza kwa nini sikusema mapema kwamba nina msiba. Kuna mwanaume wa ghorofa ya chini alikuwa amepewa kibali, akapelekwa kumzika babake, akasimama mbali, amevishwa nguo za plastiki. Alisimama mbali, lakini alisimama. Alirusha udongo.

Na jioni hiyo, mama akiwa tayari chini ya ardhi, simu yake iliniandikia: "Lala salama mwanangu."

Sikujibu. Nilipoachiliwa nilienda Kabazi bila kumwambia mtu. Maua yalikuwa yameshanyauka juu ya udongo. Kaka na dada walinikuta hapo.

"Mlinificha kwa nini?"

"Kijiji kingekimbia matanga," kaka akasema. "Ungeleta ugonjwa. Mimi nilikuwa nalinda watu."

"Na kuniandikia lala salama, hapo ulikuwa unalinda nani?"

Dada ndiye alijibu. "Tulikuonea huruma, sasa. Mtu amenyolewa kama kondoo, amelazwa na mashine ya kufua, tungeanzaje kumwambia?"

Hayo nilimwambia mama peke yake.

"Ni wewe ulikuwa unasikiliza," nikasema.

"Ulitaka nani asikilize? Simu nilikuwa nayo tangu siku ulitua."

Nikamwacha akiongea. Nikaenda kwa jirani, yule aliyemfundisha mama kubonyeza, nikamuuliza mama alikuwa anajua nini. Alinivutia kiti, akashika magoti yake kwanza.

"Alikuwa anauliza simu yake," akasema. "Kaka yako akamwambia imeharibika, iko kwa fundi. Akauliza wewe unakuja lini. Wakamwambia mwajiri amekataa kukuachilia. Hata mimi niliambiwa hivyo, mama, ningejua ningekuita mwenyewe kwa miguu. Siku ya mwisho akasema basi, mwacheni, msimsumbue, kazi ya watu ni ngumu."

Mchungaji wetu ameshakuja mara nyingi kunihubiria msamaha. Na yeye alikuwa kwa ile grupu ya familia, aliuona ujumbe wangu kabla haujafutwa, alijua niko wapi, akaomba sala ya mazishi akisema mmoja wetu yuko mbali ng'ambo ya bahari. Namwekea chai, namsikiliza. Kuzika bila mimi, pengine ningewaachia. Korona iliwapotezea watu akili. Lakini mama alikufa akinihesabu mbali, akiwaomba wasinisumbue, na kati yetu kulikuwa na vilima tu.

Kaka alikuwa akinirudisha kwa grupu, safari hii ya mchango wa kujengea kaburi. Akiniingiza natoka. Ameacha, sasa anatuma watu. Nawaambia hao watu wamrudishie: aje mwenyewe, asimame hapa mlangoni pangu, aseme kwa mdomo wake alimwambia mama niko wapi. Asiniandikie.

Hajakuja.