Shemeji Haraka Anataka Kuchonga Injini

Mdogo wa marehemu mume wangu wanamwita Haraka, na jina hilo hakupewa bure. Alizaliwa kabla mkunga hajamaliza kuvua viatu. Chakula anakimaliza wenzake wangali wananawa. Watu humtolea ile methali ya haraka haina baraka. Mimi namwambia, shemeji, baraka unazo, breki ndizo huna.

Lakini tazameni dunia ilivyo. Mtu kama huyo, ufundi wake wote umeishia kwenye malori. Malori ya mchanga, ya magogo, ya saruji, vitu vinavyopanda kilima kama vinakiomba radhi. Gereji yake ni banda la mabati nyuma ya nyumba yangu, sakafu nyeusi kwa oili, na ukutani kila spana imechorewa umbo lake kwa chokaa, ili ikipotea pengo lionekane. Humo amezeekea, na hamu yake moja hajaipata: kutengeneza injini moja tu yenye mbio, aisikie ikinguruma kwa mkono wake, kabla mkono haujaanza kutetemeka.

Na gari la mbio lililo karibu naye ni moja, nalo ni langu. Dogo, jekundu, la watu wawili, lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Marehemu ndiye aliyeniachia. Naliendesha kwenda sokoni na kumtazama dada yangu. Polepole. Sina anayenifukuza.

Basi likaanza kunywa maji na kutoa moshi mweupe. Haraka akaifungua injini yote, akaitandaza mezani, halafu akaniita.

"Shemeji, njoo uone mwenyewe." Akaweka rula ya chuma juu ya silinda hedi, yaani kile kifuniko kizito cha injini. Mwanga ukapenya chini ya rula. "Imepinda. Lazima ichongwe inyooke."

"Chonga."

"Sasa, kwa kuwa tunachonga, tuchonge zaidi kidogo. Moto ubanwe vizuri, injini ipate nguvu. Halafu tufunge kabureta mbili kubwa za kuilisha petroli, ninazo ndani. Shemeji, hili gari litaruka!"

"Likiruka litatua wapi?"

"Wewe nawe! Injini hii imezaliwa kukimbia, unaitembeza kama mbuzi wa mnadani."

"Mbuzi ni wangu. Haya niambie, ukishachonga hiyo zaidi yako, nikaichukia, utaurudisha huo mchongo?"

Akakuna kichwa. "Chuma kikishatoka kimetoka."

"Na silinda hedi nyingine kama hii ipo?"

Akanyamaza. Haraka akinyamaza, ujue ni hapana.

Tukanuniana. Chai akaja kunywa, lakini aliinywa amesimama mlangoni, uso kaugeuzia uani kama mtu anayesubiri mvua. Nami nikamwekea sukari kidogo, ajue.

Halafu akaja na ujanja. Rafiki yake mmoja, fundi wa kupaka rangi, ana gari lililochongwa na fundi mwingine, akaliazima, akaniambia panda nikupeleke sokoni, uonje. Nikapanda. Kwenye barabara tupu, sisemi uongo, lilikwenda. Kilemba kilinitoka, nikakidaka kwa meno. Moyo ukacheka, lakini uso niliukaza.

"Eh, shemeji?"

"Tazama mbele."

Tulipofika penye foleni, mambo yakageuka. Mshale wa joto ukapanda. Injini ikagonga kama mtu anayepiga sufuria kwa mwiko, ikakohoa, ikazima. Akawasha, ikazima. Nikateremka na kikapu changu, nikaenda kwa miguu, nikanunua vitunguu, nikabishana na muuza nyanya mpaka tukapatana, nikarudi. Nikamkuta palepale mbele ya duka la fundi cherehani, boneti juu.

"Lilikuwa linaruka, au nilisikia vibaya?"

"Ni petroli ya huku, shemeji. Haiendani na injini iliyobanwa hivi."

"Mimi ninayo ya kwingine?"

Akacheka. Kisha hakucheka tena. Injini ilipopoa ikawaka, tukarudi polepole, na tulipofika akasema, "Basi. Nitachonga ya kunyoosha tu."

Nimeshinda, na mimi kushinda nakupenda. Lakini nilimfuata kwa fundi mwenye mashine ya kuchonga, nikamwona shemeji ameipakata silinda hedi kwenye khanga yangu kuukuu, akasema "kidogo tu" kwa sauti ya mtu anayemwagizia mgonjwa uji. Ushindi ukaniishia utamu.

"Haraka. Zile kabureta zinachongwa au zinafungwa?"

"Zinafungwa. Bolti tu."

"Na kilichofungwa kwa bolti?"

"Kinafunguka, shemeji."

"Sasa unanililia nini? Kinachofunguka, funga utakavyo. Kisichorudi, usikiguse."

Alinishika mkono kwa mikono yote miwili yenye grisi. Mpaka leo mkono wa gauni langu haujatakata.

Siku ya kuiwasha, yule mtu asiyeweza kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi, alishinda kutwa nzima ameinamia injini. Ncha moja ya bomba la mpira sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, hii kisha ile, anasikiliza mpaka zote mbili zivute pumzi sawasawa. Nikamletea chai ikapoa. Alipoinuka, injini ilikuwa inanguruma kifuani, si kwa kelele, kama simba aliyeshiba.

"Endesha," nikamwambia.

"Gari ni lako. Mimi nataka kusikia."

Nikaendesha. Tulipoiacha nyumba ya mwisho, mguu wangu ukateremka wenyewe. Haraka akashika mlango.

"Shemeji, kona! Kona ile!"

"Naiona."

Tulipoipita, akameza mate. "Zile kabureta za zamani nimezifunga kwenye gazeti. Ukitaka, kesho nazirudisha."

"Nani kakutuma? Nyamaza tusikie."

Akafumba macho, akanyamaza. Safari hii haikuwa hapana.