Mto Uliopungua Mvua Ikinyesha

Nilipangiwa Kigoma kuwa mtendaji wa kijiji, mimi msichana wa Singida, ambako mto ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Kijiji kilikuwa bondeni, kati ya milima na Ziwa. Waha walikuwa wengi, na miongoni mwao ziliishi familia za Kirundi zilizokimbia vita zikapokelewa na jamaa badala ya kwenda kambini. Nilikuwa na chumba kimoja, muhuri na baiskeli. Hiyo ndiyo serikali yote iliyokuwepo pale.

Asubuhi moja, mvua ikiwa ya siku ya tatu, mama mmoja wa Kirundi aliingia ofisini akiwa amelowa chepechepe.

“Mukuru,” aliniita, yaani mkubwa, ingawa angeweza kunizaa. “Mto umepungua.”

“Shikamoo, mama. Si afadhali?”

“Mlimani mvua haijakatika. Maji yanakwenda wapi? Udongo umeporomoka huko juu, umeziba njia. Kwetu yalisubiri hivyohivyo, kisha yakatoka yote kwa mpigo. Yalinichukulia wanangu wawili.”

Nilifuatana naye hadi mtoni. Jana yake palitisha, sasa mawe yalikuwa nje, na watu wakiokota samaki kwa mikono. Utaratibu ulitaka niandike barua wilayani na kusubiri maelekezo, lakini barabara ya Mwandiga, njia yetu ya kwenda wilayani, ilikuwa imekatika.

Nilipanda shuleni, mlimani, nikamwomba mwalimu mkuu afungue madarasa watu wahamie humo.

“Hata kwa wakimbizi?” aliuliza. “Hao hawaruhusiwi kukaa nje ya kambi. Utaulizwa.”

“Nitajibu mimi. Wewe fungua.”

Akafungua. Mimi na yule mama tulipita nyumba kwa nyumba, yeye akisema Kirundi, Waha wakimwelewa vizuri kuliko walivyoelewa Kiswahili changu. Wengine walinung'unika, wakabeba mbuzi na masufuria, wakapanda. Mzee mmoja alikataa katakata. Wanawe walimbeba pamoja na kiti chake, akitukana njia nzima.

Alasiri tulisikia mngurumo. Maji yalishuka yakiwa mekundu, yamebeba miti mizima. Yalizoa nyumba za kando ya mto na ofisi yangu, yakamwagika ziwani. Tulihesabu watu mara mbili. Hakupungua hata mmoja. Yule mama aliketi chini akalia, nami nikaketi karibu naye.

Siku ya nne baada ya mafuriko afisa wa wilaya alifika kwa miguu, viatu mkononi.

“Nani alikupa kibali cha kuwahamisha?”

“Kibali sikuwa nacho, mzee. Taarifa nilikuwa nayo. Aliyenipa ni huyu mama.”

Nilidhani atamuuliza karatasi zake. Alimtazama, akachuchumaa, akafungua daftari.

“Mama,” alisema, “nionyeshe mahali tusipopaswa kujenga tena.”

Yule mama alituongoza bondeni, akituonyesha mpaka, mwamba hadi mwamba. Tulipogawa viwanja upya, tulifuata mpaka wake, na cha kwanza nilimwandikia yeye.