Majina ya Tribune ya Jua

Edouard Kangwa angeweza kunyamaza, basi. Jumatatu ile angeweza kuiweka simu mezani, akachukua bisibisi, akaendelea na televisheni ya watu aliyokuwa ameifungua mgongo. Hakunyamaza. Na sasa ukimkuta kwenye kibanda chake cha ufundi pale Naviundu, Lubumbashi, ukimwuliza habari za mechi, atakujibu tu, "Tulicheza." Ukimwuliza habari za albamu mpya, ataongeza sauti ya redio anayoitengeneza ili asikusikie.

Na huyu ni Edouard yule yule ambaye zamani ungemwomba Mungu amfunge mdomo walau robo saa.

Kwa miaka minane, kila Jumatatu asubuhi, alikuwa anarekodi odio, ujumbe wa sauti, kwenye kundi la WhatsApp la washabiki wa Étoile ya Naviundu. Étoile si timu ya kutikisa nchi, tusidanganyane. Inapanda daraja mwaka huu, mwaka ujao inashuka, na washabiki wake wanakaa jukwaa la upande usio na paa, jua usoni, ndiyo maana wakajiita Tribune ya Jua. Odio ya Edouard ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza mechi: kipa katoka vibaya, winga anapenda nywele zake kuliko mpira, kocha akapimwe macho. Halafu, bila hata kumeza mate, muziki: albamu fulani gitaa limekaa sawa, sauti ya pili inachelewa, wimbo wa tano ni wa kujazia nafasi. Watu walimsikiliza kwenye teksi, sokoni, jikoni. Kwa kuwa alitengeneza redio, walidhani masikio yake ni bora kuliko ya wengine. Yeye mwenyewe alianza kudhani hivyo kabla yao.

Kitu kimoja kilimchefua kabisa, nacho ni mabanga. Kwetu huku mwanamuziki hutaja majina ya watu ndani ya wimbo, hasa gitaa likichanganya pale kwenye sebene, sehemu ya watu kucheza, na mara nyingi aliyetajwa amefungua mfuko ili atajwe. Huko ndiko kutupa mabanga. Edouard akisikia jina la kwanza tu, kidole kilikuwa kimekwisha kubonyeza, wimbo unaofuata. Alisema hakununua muziki ili asomewe orodha ya matajiri.

Mkewe, Agnès, alikuwa anamcheka sana kwa hilo. "Weye unakulaka nyama, halafu unatupa mufupa yenye mafuta," alimwambia. Agnès aliuza mayai ya kuchemsha uwanjani, na chumvi na pilipili kwenye karatasi, na Étoile ikikaribia lango alishangilia kabla bao halijaingia, kwa sauti iliyozidi ya wanaume kumi. Alifariki miaka mitatu iliyopita, kwa ugonjwa wa figo. Mpaka leo Edouard akienda uwanjani anaweka mfuko wake mahali pale Agnès alipokuwa anakaa, na hakuna anayemwomba auondoe.

Sasa, Tribune ya Jua ilikuwa na desturi yake. Kabla ya mpira kuanza, mzee mmoja anaitwa Israël alisimama juu ya benchi akaiita tribune. Aliita kila mtu kwa jina na lakabu yake, kwa ile sauti yake ya kukwaruza iliyofika mpaka barabarani, na kila aliyeitwa alijibu, "Niko!" Kisha Guelor, kijana wa trompeti, alipuliza kidogo, na jina lingine likafuata. Hata timu ngeni zilinyamaza kusikiliza. Edouard aliitwa "Edouard Mutu wa Avis," yaani mtu wa maoni, na alijibu kwa kujidai kabisa.

Guelor huyo ndiye aliyetengeneza albamu. Nyimbo nane, miaka minne ya kuhangaika. Kabla ya kuitoa alimletea Edouard kwenye flashi ndogo, akaishika kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa wake kitu cha heshima.

"Yaya, usikie yote," alisema, yaani kaka mkubwa. "Wimbo ya saba, nakuomba, usiikate. Usikie mpaka ku mwisho, njo useme."

"Mi nitakata namna gani muziki ya mudogo wangu?" alijibu Edouard. "Wende, usiogope."

Aliahidi. Hilo alikumbuke vizuri, kwa sababu alilisahau upesi mno.

Jumapili iliyofuata Étoile ilipigwa tatu bila. Na si kupigwa kwa bahati mbaya, hapana, walipigwa huku mabeki wanatazamana. Jumatatu Edouard aliamka na hasira za jana, akaiweka flashi, akaanza kusikiliza albamu huku akipanga kichwani namna ya kumchana kocha. Wimbo wa kwanza ulimpendeza. Wa pili, wa tatu, pia. Alifika wa saba. Uliingia polepole, trompeti peke yake, kisha magitaa, na Edouard akatikisa kichwa kwa raha. Gitaa likachanganya. Halafu akasikia sauti ya kukwaruza, sauti ya Israël, ikiita, "Mapalo!"

Mapalo aliyemjua yeye ni mwenye malori, anayetajwa kwenye nyimbo za nusu ya Lubumbashi. Edouard hakungoja jina la pili. Alibonyeza, akaenda wimbo wa nane, akakamata simu.

"Guelor ni mutoto wetu, trompeti anaijua," alisema kwenye odio. "Lakini ile wimbo ya saba, mabanga! Na Israël wetu naye, sauti ya tribune nzima, leo ameiuza kwa matajiri. Kama ni bei tu, aniambie, na mi nilipie jina yangu. Guelor, mudogo wangu, ufute yale majina, njo utakuwa na albamu."

Aliongea dakika tisa, sita zikiwa za mabeki. Kundi zima likacheka. Vikaragosi vya kicheko vilishuka kwenye simu mpaka mchana, na Edouard akawa anavitazama katikati ya kazi, akijichekea mwenyewe. Israël hakuandika neno. Guelor aliandika, "Merci yaya. Nimesikia."

Jioni yake fundi wetu alihitaji nafasi. Kuna mtu alikuwa amerekodi mechi yote ya tatu bila, na Edouard alitaka kuwaonyesha wenzake, picha baada ya picha, makosa ya kocha. Alichukua ile flashi, akafuta vilivyomo, akaweka mechi. Alishakisikia cha kusikia, au alidhani hivyo.

Wiki tano baadaye Israël akafa. Alikuwa mgonjwa wa mapafu muda mrefu, kumbe, na hakuwaambia watu wengi. Edouard alikaa kwenye matanga siku tatu, juu ya kiti cha plastiki, na ni aibu kuyasema haya lakini tuyaseme: alizungumza habari za viungo wa kati wa Étoile. Christiane, mjane wa Israël, alipita mara mbili mbele yake, akamtazama kwa muda, kisha akaendelea na safari yake. Edouard alifikiri ni msiba tu uliomchosha yule mama.

Ilipofika siku ya kuisikiliza albamu pamoja, Guelor aliwaita watu Jumamosi mchana kwenye nganda, baa moja ya Naviundu, saa chache kabla ya mechi. Spika zilikuwa zimetengenezwa na Edouard mwenyewe. Alikaa mbele kabisa, kofia ya Étoile kichwani. Wimbo wa saba ulipoingia, na gitaa likachanganya, na trompeti ikaenda peke yake mpaka mwisho bila jina hata moja, watu walisimama kucheza. Edouard aliinua kidole.

"Munaona?" aliwaambia waliokuwa karibu. "Njo vile nilisema. Sasa ni muziki."

Christiane alikuwa amekaa nyuma, na kitambaa chake cheusi, mikono mapajani. Hakucheza, na hakuna aliyetarajia acheze. Wimbo ulipokwisha alingoja kidogo, kama mtu anayengoja kilichobaki. Wa nane ukaanza. Hapo akasimama.

"Guelor," aliita. "Sauti ya Israël iko wapi?"

Guelor alizima muziki. Alitazama chini, kisha akamtazama Edouard, kisha tena chini.

"Nilifuta, mama," alisema. "Yaya Edouard alisema majina ni mingi. Nikaona yeye anajua."

"Lakini uliniambia nikuye nimusikie."

"Nilikuambia mbele ya kufuta, mama. Halafu nilikosa nguvu ya kukuambia. Unisamehe."

Mtu mmoja alicheka kidogo, hajaelewa, kisha akaacha. Edouard alivua kofia. Bado alitaka kusema neno la kujitetea, maana mdomo una mazoea yake.

"Guelor, mi nilisema mabanga," alianza. "Majina ya matajiri. Mapalo wa malori na wenzake."

"Haikuwa Mapalo wa malori, yaya. Ilikuwa Mapalo wa ngoma."

Mapalo wa ngoma alipigia Étoile ngoma miaka kumi na tano, akafa kwa ajali ya njia ya Kasumbalesa. Edouard mwenyewe alikuwa amebeba jeneza lake.

"Ilikuwa tribune," Guelor aliendelea, taratibu, kama anayeogopa kumuumiza mkubwa wake. "Bale bote benye balituacha. Israël alijua anaenda. Aliniambia, mbele niende, nibaite bale benye habajibu tena. Tuliingia ku studio siku moja, alikuwa anapumuzika kila majina mawili. Yeye alikuwa anaita, mi najibia na trompeti mahali pa bale bantu. Majina kumi na moja, yote ya bale balikufa."

Edouard aliuliza, "Wa mwisho ni nani?"

"Agnès, yaya. Ile wimbo ilikuwa inaishia kwa Agnès."

Edouard hakwenda kwenye mechi. Alitembea mpaka kibandani, akafungua droo, akaitoa ile flashi, akaiweka kwenye televisheni iliyokuwa mezani. Wachezaji wa Étoile walitokea, mabeki wakatazamana, bao likaingia. Aliangalia tatu bila yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Yeye ni fundi, anajua kwamba kilichofutwa wakati mwingine hurudi. Alijaribu juma zima. Alimpelekea kijana mmoja mjini, pale karibu na posta, mwenye mashine za kazi hiyo. Kijana alimweleza kwa upole kwamba mechi imekalia mahali pote palipokuwa na muziki. Studio nayo ilikuwa imebakiza toleo jipya tu, maana mwenye wimbo ndiye aliyetaka hivyo. Alimwendea Guelor, akamwomba wairekodi upya, hata kesho. Guelor alimwuliza swali moja tu: "Nani ataita, yaya?"

Kilichomuuma si kuchekwa, maana hakuna aliyemcheka. Ndiyo kwanza watu walizidi kumheshimu. Bado waliandika kwenye kundi, "Mutu wa Avis, tunangoya odio." Albamu ilipendwa, na wengi walisema ni kwa ushauri wake. Kila sifa ilimwingia vibaya. Agnès alikuwa ameitwa kwa sauti ya Israël, mbele ya dunia nzima, na aliyemnyamazisha ni mumewe, aliyekuwa na haraka ya kumtukana kocha. Alitamani mtu amwambie usoni, akosewe adabu, apumue. Hakuna aliyemfanyia hisani hiyo.

Mwezi ulipokwisha, Christiane alikuja kibandani na redio iliyokufa. Edouard alimpa kiti, akaifungua redio, akaanza kuitazama bila kuiona.

"Mama Christiane," alisema, "Israël alisikia ile odio yangu?"

"Alisikia."

"Akasema nini?"

"Alicheka, mpaka kikohozi ikamukamata. Akasema, Edouard hayafika bado ku mwisho ya wimbo. Akifika, atanipigia simu mwenyewe. Ile simu alikuwa anaiweka pa kichwa ya kitanda. Mpaka siku ya mwisho."

Edouard aliweka bisibisi chini. Alifuta uso kwa kitambaa cha kufutia vumbi, akauacha na weusi. Kisha akauliza alichokuwa akikiogopa, kwa sauti ndogo ambayo kundi zima la washabiki halijawahi kuisikia.

"Alimuita namna gani? Agnès."

"Mi nilikuwa pale, ku mulango ya studio," alisema Christiane. "Alipumuzika kwanza, sana kuliko kwa wengine. Halafu akaita, 'Agnès wa Mayai, mwenye kushangilia mbele bao iingie.' Trompeti ikajibu. Njo ikaisha."

"Useme tena, mama."

Alisema tena. Edouard alisikiliza mpaka neno la mwisho, mikono imetulia juu ya meza, na mama alipomaliza akamwomba aseme mara ya tatu, kama Israël alivyosema, kwa ile sauti.

"Ile siwezi, baba," alijibu Christiane. "Ile ulikuwa nayo weye."