Orijino ya Shemeji

Hivi wewe, ukijua kitu ni feki, ungemuuzia dada yako wa damu?

Mpaka jioni ile, Msasa angekujibu kwamba mtu wa hivyo hayupo. Jina hilo alipewa gereji, ambako kazi yake ni kupiga magari msasa na rangi. Akirudi nyumbani huvua ovaroli, akachezea saketi kwenye meza ya chakula. Safari hii hakuwa akicheza. Mkewe, fundi cherehani, masikio yalikuwa yanamwishia na wateja wameanza kumkimbia: unamwambia mikono mirefu, anakukatia mifupi. Msasa alihangaika mpaka akapata bodi moja tu ya kukuza sauti, ya volti tano.

Betri ilikuwa ya volti tisa. Ikabaki kuchagua regyuleta, kipande cha kuzishusha ziwe tano. Kuna inayokatakata umeme: haili betri, ila hutia mvumo kwenye sauti. Kuna ya miguu mitatu: ziada yote inaigeuza joto, betri inakwisha mapema, lakini imetulia tuli. Kwa sikio la mkewe, akachagua utulivu.

Akaenda kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye duka la spea za redio.

"Niangalizie nzuri, shemeji. Ni ya dada yako."

Shemeji akachomoa moja kwenye boksi la juu ya kaunta. "Sasa mimi nimpe dada yangu takataka? Orijino hiyo. Ikizingua, njoo unikate sikio langu umpelekee."

Wakacheka wote wawili.

Hapo ndipo Msasa alipoteleza. Kila regyuleta huipima kwa mita kabla ya kuiunga, hata ya kuokota. Hii hakuipima. Kupima kitu cha shemeji aliona ni sawa na kumwita mwizi.

Jioni akaunga betri. Mkewe akachomeka spika ndogo sikioni, akatulia, kisha uso ukamchanua.

"Kumbe ukipumua unapiga filimbi."

Harufu ya kuungua ilipanda, bodi ikatoa uzi wa moshi.

"Mbona umezima?" mkewe akauliza.

Msasa akaing'oa ile regyuleta na kuipitishia kidole gumba usoni. Mikwaruzo myembamba, yote imelala upande mmoja. Aliijua vizuri mno, ni kazi ya mikono yake ya kila siku. Kipande kilipigwa msasa, namba ya zamani ikafutwa, ikachapwa mpya. Alipokipima, mita ilisoma volti nane.

Asubuhi wakaenda dukani, yeye na mkewe. Shemeji alikuwa amewapa mgongo, redio yake mwenyewe iko wazi mezani. Akavuta kopo la peremende kutoka chini ya kaunta, akatoa regyuleta, akaipima kwa mita, akaipima tena, akaridhika. Akasikia viatu mlangoni.

"Karibu mteja," akasema bila kugeuka. "Unataka orijino, au orijino orijino?"

Dada yake hakusikia. Macho yake yalikuwa kwenye kopo.