Kumteremsha Mkwe Bila Tone la Maji

Siku ya kwanza kuingia kazini kwenye bustani ya michezo ya maji, nje kidogo ya Pongwe, nilivaa shati la mikono mirefu na viatu vya ngozi. Niliambiwa nitakuwa msimamizi, na msimamizi niliyemjua mimi ni yule wa bandarini, anayesimama kando na kalamu sikioni. Nikasimama kando. Mashua ya kwanza ikashuka kutoka mnarani, ikapiga bwawa, na kabla sijajua kinachotokea nilikuwa nimelowa chepechepe mpaka soksi.

Nyinyi vijana mnaoiendesha bustani leo mmezaliwa mkakuta mambo haya yapo, kwa hiyo mtanicheka. Lakini mimi nilisahau hata kujifuta. Nilikuwa nimefanya kazi bandarini miaka mingi, nikipakia matishari, vile vyombo bapa vinavyopeleka mizigo kwenye meli zilizotia nanga mbali. Nilidhani maji nayajua. Bandarini maji yako chini, wewe uko juu yake. Hapa pampu iliyachukua maji ikayapandisha juu kuliko minazi, kisha ikayaachia yateremke kwenye mtaro na watu wamo ndani ya mashua wanapiga kelele. Nikasema "Subhanallah" peke yangu, pale pale kwenye dimbwi.

Mkurugenzi wetu alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga, aliyerithi duka la vitambaa kwa baba yake. Alinikuta nakamua soksi, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Karibu kazini, Mzee Hamza. Umeshalowa?"

"Nimelowa, bosi."

"Basi shida yangu umeshaijua. Watu wa Tanga wanazipenda mashua hizi. Lakini wanakuja lini? Sikukuu. Na sikukuu wamevaa nini? Nguo mpya. Nguo hizo wamezinunua wapi?"

"Dukani kwako."

"Dukani kwangu! Zikichuja rangi kwenye bwawa langu, kesho yake wananirudishia mimi mwenyewe. Wewe umepakia mizigo. Nitafutie njia ya kuwashusha watu wakavu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania hata kidogo.

Nilianzia gatini, chini, kazi ya kupokea mashua na kuwashika watu mkono wakitoka. Ndiyo shule yangu ilipokuwa. Nilimtazama kila anayetoka: nani amelowa kifua, nani mgongo, nani hakuguswa, na alikuwa amekaa wapi. Baadaye nikahamishiwa juu mnarani, nikapewa cheo ambacho sijakisikia mahali pengine popote: mpanga viti.

Kazi yenyewe ni hii. Mashua ina omo, yaani pua, na ina tezi, yaani nyuma. Ukiweka uzito omoni, pua inazama inapofika bwawani, inayachota maji na kuwamwagia waliokaa mbele. Ukiweka uzito tezini, pua inainuka na maji yanatupwa pembeni. Halafu kuna kizuizi, chuma kinachoishikilia mashua pale juu. Mtu mwenye papara akikifungua kabla bwawa halijatulia, mashua yake inakutana na mawimbi ya mashua iliyotangulia, na hapo hata ukipanga viti vipi watu wataoga. Kuna na upepo, ambao alasiri huchukua manyunyu na kuyarudisha ndani ya chombo. Hayo yote mtu mwenye akili anajifunza kwa msimu mmoja.

Ambalo halifundishiki upesi ni adabu za watu. Kwetu mkubwa hukaa mbele. Kwenye gari atakaa mbele, kwenye shughuli atakaa mbele, basi na kwenye mashua familia nzima ilimsukuma bibi yao akae omoni, ametoka kupakwa hina juzi tu, amevaa dera la sikukuu. Bibi ananyeshewa, wajukuu wa nyuma wanatoka wakavu kabisa, na mimi ndiye ninayelaumiwa. Ukimwambia mtu amrudishe mama yake nyuma, anaona umemvunjia heshima. Nilihangaika na jambo hilo muda mrefu. Mwishowe nikaanza kusema, "Jamani, nahodha hukaa wapi? Si tezini, kwenye usukani? Basi kile cha nyuma ndicho kiti cha nahodha, mwachieni mkubwa wenu." Wakubwa wakaenda nyuma kwa furaha, wakawa wanashuka wakavu wamejaa fahari. Mkurugenzi aliposikia aliniletea kikoi kutoka dukani, nikakivaa mpaka kikachakaa.

Meneja wetu alikuwa mama wa Kibondei kutoka Muheza, mwenye mwili na sauti, na bustani nzima ilimwogopa. Kila asubuhi aliniuliza neno moja tu, "Wakavu?" nami namjibu, "Wakavu, Meneja." Fundi Mkuu, mwenye pampu, alikuwa mwembamba na mkimya, anazungumza kwa mkono. Akiuinua ndiyo, akiushusha bado. Nimefanya kazi na watu hao wawili mpaka mwisho, na sidhani kama tuligombana zaidi ya tulivyocheka.

Sasa niwaeleze habari za mama mkwe wangu, maana bila yeye kazi hii ningeimaliza kama kazi nyingine yoyote.

Bi Mize ni Mpemba. Alivuka kuja Tanga akiwa mke mchanga, amembeba mtoto wake wa kwanza, anamfuata mumewe aliyekuwa akifanya biashara ya karafuu huku. Bahari ilichafuka siku ile. Walimlaza chini chomboni, miguuni pa nahodha, wakamfunika turubai yeye na mtoto, na maji yakamwingilia njia nzima asijue yanatoka wapi. Alipokanyaga mchanga wa Tanga aliapa kwamba hapandi chombo tena. Mtoto yule ndiye Zuhura, mke wangu. Bi Mize alikaa Makorora tangu siku hiyo, akaozesha, akazika mume, akalea wajukuu, na Pemba hakurudi. Ndege tulimwambia akakataa kwa ukali zaidi, akasema huko juu hata pa kuelea hapana.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, dada yake aliyebaki Pemba, Bi Riziki, aliumwa sana. Akatuma maneno kwa sauti yake kwenye simu ya Zuhura: "Mize, mie miguu haina nguvu tena, siwezi kuja huko. Ukija tutaonana. Usipokuja, basi tuombeane." Bi Mize aliyasikiliza, akataka arudishiwe, akayasikiliza tena, kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Zuhura alilia jikoni.

Siku ya Idi nilikwenda kumwamkia. Nilikaa mbali kidogo kama mkwe anavyokaa, na yeye akanisemesha kupitia kwa binti yake ingawa nilikuwa namsikia vizuri.

"Zuhura, mwambie mumeo, ile mashua yake nami nataka kuipanda."

Nikadhani masikio yangu yamezeeka.

"Mwambie, nikishuka mkavu, nitapanda boti n'ende kwa dada yangu. Lakini tone likinigusa, nisisikie tena habari ya boti mpaka naingia kaburini."

Usingizi wenyewe uliniruka. Nilikuwa nimeshusha watu wengi sana wakavu, na wengine wakalowa, nikawaomba radhi wakaenda zao. Huyu akilowa hamwoni dada yake. Nilimwambia Zuhura, "Mama yako amenibebesha mzigo ambao bandarini hatukuwahi kuupakia." Zuhura akasema, "Na utaupakia."

Idi Pili walikuja asubuhi, kabla upepo haujaanza. Bi Mize alikuwa amevaa dera jipya na mtandio mweupe ambao tone moja lingeonekana kwa mbali. Alipanda ngazi za mnara polepole, hakutaka kushikwa. Nikamwonyesha kiti cha nyuma kwa heshima zote.

"Mama, hiki ndicho kiti cha nahodha."

Akaniangalia usoni, na kwa mara ya kwanza siku zile akanisemesha mwenyewe.

"Mkwe, nahodha mie namjua. Nililazwa miguuni pake, nikafunikwa, maji yakanijia nisikoyaona. Leo nitakaa mbele niyaone."

Akaenda akaketi omoni, peke yake, mikono juu ya magoti. Zuhura akaketi nyuma yake. Mimi nikabaki nimesimama nimeshika kikoi changu. Kiti cha mbele! Kiti nilichotumia miaka kuwaondoa wakubwa ndicho mkwe wangu amekikalia, na sikuwa na ulimi wa kumwondoa.

Nilishuka ngazi mbio, umri wangu nikausahau, nikamkuta Meneja ofisini.

"Meneja, nakuomba ukapande mashua."

"Nikafanye nini?"

"Nataka uzito tezini."

Akaweka kikombe chini. "Mzee Hamza, unaniambia mimi mnene?"

"Nakwambia wewe ndiye mkubwa wetu."

Nikamweleza habari ya dada wa Pemba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua viatu, akatoka nje akamwita kwa sauti muuza mishkaki wa getini, baba mwenye kitambi kinachojulikana mpaka Muheza. "Wewe! Acha moto, njoo tumpeleke mama wa watu Pemba!"

Tukapanda. Meneja na muuza mishkaki wakajaza tezi, nami nikajibana katikati yao. Omo ikainuka hata kabla hatujaondoka. Chini, Fundi Mkuu alisimamisha mashua zote, akapunguza nguvu za pampu, akalisubiri bwawa. Tulikaa pale juu muda mrefu. Watu waliopanga foleni walisogea ukingoni kutazama, sijui nani aliwaambia. Nikaliona bwawa linalala, linalala, mpaka mnazi wa upande wa pili ukaonekana mzima ndani yake. Fundi Mkuu akainua mkono. Kizuizi kikaachia.

Miaka yote nilikuwa nikiwashusha wenzangu, mwenyewe nilipanda mara chache. Nilichokiona siku ile nikiwa nyuma ya mtandio ule mweupe sijakiona tena. Tulipofika chini pua haikuzama. Maji yalifunguka mbele yake, yakasimama kulia na kushoto marefu kuliko sisi, jua likapita ndani yake yakang'aa yote, na katikati ameketi Bi Mize ameinua kichwa anayatazama. Mimi ndiye niliyepanga viti, lakini kupanga viti ni kitu kidogo sana mbele ya kile nilichokiona, na mpaka leo nikisali nakikumbuka. Kisha kuta zile mbili zikaanguka nje, huku na huku, kwa kishindo.

Tezi, kwa mzigo ule, ilizama ikachota maji kama ndoo. Meneja, muuza mishkaki na mimi tuliogeshwa kuanzia utosini.

Mashua ikasimama gatini. Bi Mize hakugeuka. Alishika ncha ya mtandio wake akaupitia kwa vidole, pindo mpaka pindo. Akapapasa mabega. Akasema, "Zuhura, nishike hapa. Na hapa."

"Mkavu, mama," Zuhura akasema.

Ndipo Bi Mize alipogeuka akatuona sisi watatu tunavyochuruzika, kilemba cha Meneja kimemwangukia machoni. "Ama nyie!" akasema, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kumtoka alipokwisha kucheka. Akajifuta akaniuliza, "Boti yaondoka lini?"

Nilistaafu mwishoni mwa msimu ule. Siku hizi nikipita pale naona mnawauzia wageni makoti ya plastiki, mtu anaingia mashuani amefungwa kama mkate wa boflo. Siwalaumu, koti linafanya kazi. Ila anayevaa koti huinamisha kichwa, na maji yakifunguka hayaoni. Mkipata nafasi, vijana wangu, subirini bwawa lilale, mpangeni mtu vizuri, kisha mwacheni atazame.

Bi Mize alitimiza neno lake, na tukamsindikiza mimi na Zuhura. Kwenye boti ya Pemba alikataa kukaa ndani, akachagua benchi la nje, mbele kabisa. Tulipotoka kwenye ghuba, wimbi likapiga ubavu wa boti, likaruka likammwagikia lote, mtandio na dera. Nilisimama nimenyoosha mikono. Nilianza kutafuta kwa macho abiria wanene wa kuwarudisha nyuma.

"Kaa, mkwe," akaniambia, akijifuta macho kwa kiganja. "Huku hukupanga wewe." Akageuka akaendelea kutazama mbele.

Gatini Bi Riziki alikuwa ameletwa na wajukuu, amewekwa kwenye kiti cha plastiki. Bi Mize alimwendea akapiga magoti. Yule mgonjwa akanyoosha mikono, akamshika mabega, akashtuka.

"Mize! Umerowa!"

"Nimerowa, dada," akasema, na akamkumbatia hivyo hivyo, mpaka na mwenzake akarowa.