Aliyesemwa Amezama

Kazini walimwita Pasi, kwa sababu ndiyo aliyoishika kutwa katika chumba cha kufulia cha hoteli, na kwa sababu hakukawia kupata moto. Tajiri wao alipokodi basi la kuwapeleka kutembelea mji wa kale kando ya mto, kila mmoja na ndugu yake, Pasi alimchukua mama. Baba, dereva mstaafu wa malori, alinung'unika kwamba huko hakuna cha kuona ila kuta zilizoota ukungu. Mama alisitasita, mwishowe akasema atakwenda.

Walizunguka vichochoro vya mawe na maghala ya zamani. Mama alibaki nyuma ya kundi, mtandio ameushusha hadi kwenye nyusi. Pasi alidhani anakwepa jua.

Gatini, mwongozaji wao, mwanamume wa makamo mpole wa sauti, aliwaonyesha benchi la mawe. Baba yake, mkaguzi wa vivuko, ndiye aliyelijenga kumkumbuka mke wake wa kwanza. Bibi harusi huyo alikwenda mtoni kufua alfajiri, akateleza, maji yakamchukua. Viatu tu ndivyo vilivyoonekana.

Wanawake walisikitika.

"Hakuzama," mama akasema. "Viatu aliviacha mwenyewe. Alipanda lori la mkaa pale darajani."

Pasi alicheka, akidhani mama ameamua kuwatania. Mara akakumbuka baba yake alibeba nini ujanani. Akajikuta amekaa juu ya benchi lenyewe. Akainuka upesi kama aliyekalia kaa la moto.

Mwongozaji aliwaomba wengine watangulie ghalani. Akamuuliza mama jina lake. Alipotajiwa, aliitikia kwa kichwa taratibu. Alisema amekua akilisikia jina hilo. Kila ugomvi nyumbani kwao, mama yake alipimwa nalo.

Mama akauliza habari za yule mkaguzi. Akajibiwa kwamba ameshafariki.

"Alikuwa akinipiga, mwanangu. Unisamehe kumsema marehemu mbele yako."

Gatini akageukia mto.

"Mama yangu hakupata lori," akasema.

Pasi alipigwa na butwaa. Mama aliyemjua yeye huomba ruhusa hata ya kufungua dirisha. Sasa alikuwa ameushika mkono wa mtoto wa yule mwanamume, hauachii, mpaka dereva wa basi akapiga honi.

Njiani Pasi aliuliza kama baba anajua.

"Anajua. Ndiyo maana hakutaka nije."

"Na wewe ulikuja kufanya nini?"

"Nilitaka kuona kama bado ninaogopa."

"Ikawaje?"

"Niliogopa sana," mama akasema, akavua mtandio, akaukunja ukawa mto wa kichwa. Alilala fofofo hadi nyumbani. Pasi hakupata hata lepe la usingizi. Alimtazama tu, asijue aanzie wapi kumuuliza.